Wingu Dogo Kutoka Baharini

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mjini Garsen, mbele ya wanakwaya, walimu wao na wakazi, kabla ya jioni ya kwaya itakayofanyika katika kanisa la Ngao. Tumeyachapisha kwa ombi la wakazi ambao hawakuweza kufika siku hiyo.

Wazee wetu, akina mama, walimu wa kwaya, vijana, Bwana asifiwe. Na ndugu zetu Waislamu mlioketi pale nyuma, Asalaam aleikum. Msikae mlangoni kana kwamba mmekuja kuaga. Sogeeni mbele, viti vipo.

Mwalimu amenipa dakika 20, na kwa kuwa mimi ni mtu wa habari anajua zitakuwa 30. Nimeombwa nieleze ni muziki gani huu utakaoimbwa Ngao, umetoka wapi, na kwa nini kaunti inautangaza. Nitaanza kwa kuomba radhi. Tulipotoa tangazo la kwanza tuliandika kwamba kwaya zitaimba "muziki mtakatifu wa Romantiki". Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Kijana mmoja aliuliza kama anaruhusiwa kuja na mchumba wake. Mzee mmoja wa Oda aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kasirika, tangu lini kanisa likawa ukumbi wa nyimbo za mapenzi. Kosa lilikuwa langu. Neno lile nililiandika mimi, na sikulieleza.

Romantiki ni jina la kipindi. Ni muziki wa Ulaya wa karne ya 19, tuseme kutoka siku za mababu wa mababu zetu hadi karibu na kujengwa kwa reli ya Mombasa. Watunzi wa kipindi hicho walitaka muziki useme yaliyomo moyoni mwa mtu waziwazi: hofu, dhoruba, kilio cha msiba, giza, kiu, tumaini. Mchumba anaruhusiwa kuja, lakini atasikia zaidi habari za ukame kuliko za mapenzi.

Jambo jingine la kipindi hicho linatuhusu zaidi. Ndicho kipindi ambacho raia wa kawaida wa Ulaya walianza kuunda kwaya kubwa za mji. Zamani kuimba muziki mgumu ilikuwa kazi ya walioajiriwa na kanisa au na mfalme. Katika karne ya 19 fundi, mwenye duka, mwalimu wa shule na mke wa daktari walikutana jioni baada ya kazi, wakajifunza sauti nne, na mwisho wa mwaka wakaimba mbele ya jirani zao. Nikiwatazama hapa mlivyo, namwona fundi wa pikipiki, mama wa samaki, muuguzi na walimu 6. Kwa hiyo msidhani mnaiga watu wakubwa. Muziki huu uliandikiwa watu kama ninyi.

Sasa niende kwenye swali ambalo mzee wa Oda aliniuliza mara ya pili, alipokuwa ametulia: "Binti yangu, nyimbo zetu zimekwisha hata tuazime za Wazungu?" Ni swali zuri, wala sitalijibu kwa haraka.

Mwaka 1885 Ujerumani iliiweka Witu chini ya ulinzi wake. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walikuwa wameelewana na Sultani Ahmed wa Witu, yule aliyeitwa Simba, na kwa miaka michache bendera ya Kijerumani ilikuwa jirani yetu kabisa. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza eneo hilo katika mapatano yao ya kugawana. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1887, wamisheni wa Kijerumani kutoka mji mdogo wa Neukirchen walifika mtoni na kuanza kazi Ngao, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Ferdinand Würtz. Hawakuwa wa kwanza. Wamethodisti wa Uingereza walikuwa wamefika Golbanti kabla yao, na walilipa gharama kubwa. Mwezi wa Mei 1886 mchungaji John Houghton na mkewe Annie waliuawa pale Golbanti katika shambulio la wapiganaji wa Kimaasai, pamoja na watu wa hapa waliokuwa kituoni. Majina ya Wazungu wawili yaliandikwa vitabuni. Ya wale wengine hayakuandikwa, na hilo huwa linaniuma kila ninapolisoma.

Mnaona miaka hiyo? Brahms alikuwa hai. Bruckner alikuwa hai. Rheinberger alikuwa hai na alikuwa akifundisha. Muziki tutakaouimba ulikuwa muziki mpya wa watu walewale walioshuka kwenye mitumbwi Ngao wakiwa na homa na masanduku ya vitabu. Sisemi kwamba Würtz alifundisha Brahms kando ya mto. Nasema sauti nne, nyimbo za ibada zenye miendo ya Kijerumani, na desturi ya watu wa kijiji kusimama kwa safu na kuimba kutoka kitabuni zilifika hapa kipindi hicho. Zimekaa hapa miaka zaidi ya 130. Kitu kikikaa nyumbani kwako miaka 130, kikapita mikononi mwa bibi na mwa mama, nadhani una haki ya kukiita chako.

Na walileta jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko muziki. Walijifunza Kipokomo. Würtz na wenzake, pamoja na Wapokomo waliowafundisha lugha, walitafsiri Injili, kisha Agano Jipya zima, na mwanzoni mwa karne ya 20 kitabu hicho kilikuwa kimechapishwa. Lugha ya wakulima wa kando ya mto, ambayo hata leo kuna ofisi mtu akiizungumza anatazamwa, ilikuwa na kitabu kilichochapwa kabla ya Nairobi kuwa mji wa kutajika.

Hapa ndipo Brahms anapoingia. Wakati wake misa ya wafu ilikuwa na maneno yake ya Kilatini yaliyopangwa tangu zamani. Brahms aliyaacha. Mama yake alifariki mwaka 1865, na kazi kubwa aliyoiandika katika miaka iliyofuata, ile iitwayo Requiem ya Kijerumani, aliijenga kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe kutoka Biblia ya Kijerumani, lugha ambayo mama yake aliisali. Iliimbwa katika kanisa kuu la Bremen siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1868. Na maneno yake hayaanzi kwa kuwaombea waliokufa. Yanaanza na waliobaki, wale wanaolia. Hatutaimba Requiem hiyo Ngao, ni ndefu na inataka ala nyingi ambazo hatuna. Lakini mnielewe ninachosema: kazi ya mtu kuomboleza kwa lugha ya mama yake ilikuwa ikifanyika Bremen, na muda mfupi baadaye ikawa ikifanyika Ngao.

Vita viwili vya dunia viliwaondoa Wajerumani hapa, na mwishowe kazi yao ikabaki mikononi mwa Wamethodisti. Ndiyo maana vitabu vya nyimbo vya bibi zetu vina mchanganyiko ule: mwendo wa Kijerumani ukurasa huu, wa Kiingereza ukurasa wa pili.

Programu ya jioni yenyewe ni fupi. Tutaanza na kipande cha Anton Bruckner cha mwaka 1869, alichokiandika kwa ajili ya kuwekwa wakfu kanisa dogo la nadhiri katika kanisa kuu jipya la mji wa Linz, Austria. Kinasema, kwa Kilatini, juu ya mahali palipofanywa na Mungu. Ni dakika 3 hivi, sauti nne, bila kinanda. Walimu wa shule za msingi mlioko hapa, mpendeni Bruckner: alikuwa mtoto wa mwalimu wa kijijini, na yeye mwenyewe alianza maisha kama mwalimu msaidizi wa kijijini kabla dunia haijamjua.

Kipande cha kufunga ni cha Josef Rheinberger, wa nchi ndogo ya Liechtenstein. Ni sala ya jioni kutoka Luka sura ya 24, pale wanafunzi wawili wa Emau wanapomsihi mgeni wao asiendelee na safari kwa sababu jua limekuchwa. Alikiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1855, akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Wale wa kidato cha pili mnaosema hamjafikia umri wa kufanya jambo, mmesikia. Kina sauti 6, na ndicho kinachomkosesha Mwalimu usingizi, maana tena tulio nao wanatosha sauti moja na nusu.

Lakini mzigo wa jioni hiyo, na sababu ya mimi kukubali kusimama hapa, ni sehemu ya Eliya ya Mendelssohn.

Felix Mendelssohn alizaliwa Hamburg mwaka 1809. Babu yake alikuwa mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyeheshimiwa sana Ujerumani. Felix mwenyewe alibatizwa akiwa mtoto. Akiwa na miaka 20 alifufua Mateso ya Mathayo ya Bach mjini Berlin, kazi ambayo watu walikuwa wameiacha kabatini tangu Bach alipokufa. Eliya aliandika karibu na mwisho wa maisha yake, na akaiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mji wa Birmingham, Uingereza, tarehe 26 Agosti 1846. Watu walishangilia hadi vipande 8 vikarudiwa. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 38.

Mimi niliisikia nikiwa mwanafunzi wa uandishi wa habari Nairobi, katika Kanisa Kuu la All Saints. Nilitumwa niandike habari, na nikaandika habari mbaya kabisa. Nilihesabu waimbaji. Niliorodhesha wageni mashuhuri na mahali walipoketi. Nilisema "umati ulifurahia". Mhariri wa gazeti letu la chuo aliikata ikabaki aya mbili, na aliikata kwa haki. Kilichotokea mle ndani sikukiandika, kwa sababu sikujua kama ni habari.

Kilichotokea ni hiki. Kwa kawaida kazi kubwa kama ile huanza na ala peke yake, watu wakae vizuri, wakohoe wamalize. Mendelssohn hakufanya hivyo. Kabla ya utangulizi wa ala, anasimama mwanamume mmoja, nabii, na kwa sauti nzito anatangaza kwamba katika miaka inayokuja hakutakuwa na umande wala mvua. Anakaa. Ndipo ala zinaanza, na zinaanza chini, zikizunguka na kupanda, kama joto la saa sita linavyoanza kutetemeka juu ya barabara ya Minjila. Zinapanda mpaka huwezi kuvumilia, na hapo kwaya nzima inalipuka ikiomba msaada. Wanaimba habari za mavuno yaliyopita bila chakula kuja, mito iliyokauka, na ulimi wa mtoto anyonyaye ulioshikamana na kinywa kwa kiu.

Mimi ni mtoto wa mto huu. Nimezaliwa mahali ambapo ng'ombe akifa barabarani hakuna anayeuliza kwa nini. Mle kanisani karibu yangu aliketi bwana mmoja aliyekuwa akifuata kwenye kitabu, akigeuza kurasa taratibu, na nilitaka kumshika mkono nimwambie: hii siyo hadithi ya zamani, bwana, huyu mtu anasoma taarifa ya ukame ya Tana River.

Sehemu ya kwanza inamalizika kwa jambo ambalo mtaliona Ngao. Eliya anaomba mvua. Anamwambia mtoto apande juu akatazame upande wa bahari. Mtoto anaenda, anatazama, anarudi na jibu kwamba hakuna kitu. Eliya anaomba tena. Mtoto anatazama tena, hakuna. Mendelssohn amempa mtoto huyu sauti ya juu, peke yake, na chini yake karibu kimya kitupu. Kisha mtoto anaona wingu dogo likitoka baharini, dogo kama mkono wa mtu. Ala zinaanza kunguruma. Na kwaya inaingia kwa shukrani, sauti zikifuatana na kupitana kama maji yenyewe, mpaka huwezi kujua yupi alianza.

Mwenye kuimba sehemu ya mtoto ni binti wa miaka 12 kutoka Tarasaa. Sitamtaja jina, tusimtie hofu. Nilimsikiliza Jumamosi iliyopita. Alipofika pale pa kusema hakuna kitu, mama mmoja wa alto aliweka karatasi yake chini akaangalia dirishani.

Tunajua alikokuwa anaangalia. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo katika pembe hii ya Afrika. Wafugaji wetu walihesabu mizoga. Kisha mwishoni mwa 2023 maji yakaja yote kwa pamoja, mashamba yakazama, na watu walewale waliokuwa wakiomba mvua wakalala kwenye mahema kandokando ya barabara. Na sisi wa huku chini tuna msiba wetu wa pekee ambao hata Mendelssohn hakuufikiria: mafuriko yetu mara nyingi hayatoki kwenye wingu letu. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, na siku kadhaa baadaye mto unapanda Garsen huku mbingu ikiwa safi, bila tone. Sisi hatuhitaji mtoto wa kutazama baharini tu. Tunahitaji mwingine wa kutazama juu mtoni.

Nirudi kwa mzee wa Oda. Ndiyo, wimbo wa mgeni. Lakini walimu wenu hawakuuchukua ulivyo. Wamekaa wiki nyingi wakitafsiri, na hapo nimejifunza kitu ambacho chuo hakikunifundisha. Maneno ya Kiswahili, na ya Kipokomo pia, huwa na uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. MUngu. BWAna. Nyimbo za Kiingereza na Kijerumani mara nyingi humalizia mstari kwenye pigo zito, neno la silabi moja, tap. Ukichukua mwendo ule na kuubandika neno letu, pigo linaangukia silabi isiyo yake: munGU, bwaNA. Tumeimba hivyo makanisani kwa vizazi na tumezoea, lakini sikio la mtoto linajua kuna kitu kimepinda. Kwenye Eliya ilikuwa shida hasa pale penye neno "mvua". Kwa Kiingereza ni silabi moja, inakaa juu ya noti ndefu, imekwisha. Sisi "mvua" uzito wake uko kwenye "vu", na ile "a" lazima ipate mahali. Walimu wawili walibishana juu ya hiyo "a" moja kutoka saa nane hadi magharibi. Mmoja alitaka kugawanya noti, mwingine alitaka kubadilisha sentensi nzima neno liingie mapema. Aliyeshinda ni wa pili, na nadhani alikuwa sahihi, ingawa wa kwanza bado hajamsalimia vizuri.

Hiyo kazi, ndugu zangu, siyo kuazima. Mwenye kuazima hurudisha kitu kama kilivyokuwa.

Sasa ninyi ndugu Waislamu, ambao naona mmesogea viti viwili, ahsanteni. Wengine mmeniuliza, na mna haki ya kuuliza, kwa nini ofisi ya kaunti inatangaza jambo la kanisa. Nijibu wazi. Fedha za kaunti hazimo. Nauli, chakula na vibanio vya karatasi vimetoka kwa wanakwaya wenyewe, mia mia. Ofisi yangu inatangaza, kama inavyotangaza maulidi, mashindano ya mitumbwi na siku ya mifugo. Na Nabii Ilyas si mgeni kwenu. Kurani Tukufu inamtaja, na inamtaja akiwakataza watu wake kumwabudu Baali. Mtakaopenda kuja, njooni kama wageni, hakuna atakayewaombea kwa nguvu. Tumepanga kuanza saa tisa alasiri, na tutasimama kwa muda wakati wa swala ya alasiri. Mwaka 2012 watu wa delta hii walizikana kwa wingi, na sote tunakumbuka ni nani hakwenda kwenye mazishi ya nani. Sidhani nyimbo zinatibu hilo. Nasema tu kwamba kukaa kwenye benchi moja saa mbili bila agenda ya mkutano ni jambo ambalo hatulifanyi mara nyingi.

Nafika mwisho wa niliyoyaandika, na hapa nina ombi.

Mnajua nyote kwamba wimbo wa taifa letu umetoka mto huu. Mwaka 1963 serikali iliteua jopo la wanamuziki 5: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walihitaji mwendo ambao ni wa hapa nchini, si wa kuletwa. Wakauchukua mwendo wa wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, waliopewa na Mzee Meza Moroa Galana. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ilipopandishwa, dunia ilisikia wimbo ambao mama zetu waliuimba huku wakimpiga mtoto mgongoni polepole. Brahms naye, mwaka uleule wa Requiem yake, aliandika wimbo wa kubembeleza ambao dunia nzima inaujua. Wake uliandikwa mara moja ukabaki salama kwenye karatasi. Wetu ulibaki kwa sababu mtu mmoja aliukumbuka, na watu 5 walikuja kuuliza.

Ni nyimbo ngapi hawakuzijia?

Bibi yangu aliimba alto. Alikuwa na daftari la kurasa 96, jalada gumu, lililojaa solfa kwa penseli: do, re, mi, koma na nukta, kila sauti mstari wake. Solfa hii ilikuzwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne ya 19 ili watu wasio na fedha za masomo ya muziki waweze kusoma wimbo, na kwa mikono ya wamisheni ikaenea Afrika yote. Bibi hakuwa amemaliza shule, lakini solfa aliisoma kama mnavyosoma ujumbe wa simu. Kwenye daftari lake mlikuwa na nyimbo za kitabuni, na nyimbo nyingine ambazo hazimo kitabu chochote nilichowahi kukiona, za Kipokomo, alizoziandika kutoka vinywa vya wazee wake. Alilifunga kwa karatasi ya nailoni na kuliweka juu ya dari. Maji yalipokuja yalifika juu ya dari.

Nilimuuliza kama anazikumbuka. Aliimba 4. Nilikuwa na simu mkononi, nina digrii ya uandishi wa habari, na sikurekodi. Nilidhani nitarudi Krismasi.

Ombi langu ni hili. Siku ile Ngao, karibu na mlango wa upande wa miti, kutakuwa na meza. Nitakuwa hapo mimi na kijana wa ofisi yetu mwenye kamera. Mwenye daftari la zamani la solfa, kitabu cha nyimbo cha Kipokomo, karatasi ya kwaya ya miaka ya sabini, na alete. Hatutachukua. Tutapiga picha kila ukurasa mbele yako na utaondoka nacho. Hata kama kimelowa na kukauka, hata kama panya wamekula pembeni, kileteni. Usijaribu kuzibandua kurasa zilizogandamana, tuachie sisi. Na mwenye bibi au babu anayekumbuka nyimbo za kubembeleza, za kuvuna mpunga, za kupiga makasia, amlete mwenyewe. Tuna kinasa sauti, na tumetenga chumba kidogo cha nyuma ili asisumbuliwe na mazoezi. Hili si la Wapokomo peke yao. Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya, Wagiriama wa upande huu, nyimbo zenu nazo tunazitaka, za ng'ombe na za kisima. Vitakavyopatikana tutaviweka nakala maktaba ya Hola, na nakala moja ibaki na familia.

Kuhusu usafiri: matatu mbili zitaondoka Garsen saa saba mchana kutoka kituo cha mafuta, na kurudi kabla ya giza. Wa boda boda, bei ni ya kawaida, tumekubaliana nao, na atakayezidisha nipigieni. Wanaokuja kwa mtumbwi wasisubiri jioni kurudi, viboko wamezidi mwezi huu upande wa Ngao. Njooni na maji ya kunywa, na leso ya kufukuza mbu, maana Rheinberger tutamwimba jua likielekea kuzama na mbu hawajali muziki.

Mwalimu, dakika zangu zimekwisha. Tena wako 3, yule wa nne bado yuko njiani kutoka Idsowe.